Tarehe katika skripti za .bat: %DATE%, WMIC au PowerShell?

Chukua depo moja ya vifaa vya ujenzi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, yenye kompyuta tatu. Ya kwanza ilikuja kutoka Ulaya ikiwa imeshatumika, na Windows yake ni ya Kifaransa. Ya pili ilinunuliwa Dubai, ikabaki na Kiingereza cha Marekani kama ilivyotoka kwenye katoni. Ya tatu ilipita mpaka wa Kasumbalesa ikitoka Afrika Kusini, na mipangilio yake ya eneo ni ya hukohuko. Tarehe 4 Machi 2025, andika `echo %DATE%` kwenye dirisha la amri (cmd) la kila moja, utapata hivi:

```
Kifaransa       04/03/2025
Marekani        Tue 03/04/2025
Afrika Kusini   2025/03/04
```

Siku ni ileile, mji ni uleule, majibu ni matatu. Depo hiyo inataka kila jioni nakala ya data ya kontabilite iwekwe kwenye diski ya nje, na jina la faili lionyeshe tarehe. Skripti, yaani faili la .bat lenye amri ambazo Windows huzitekeleza moja baada ya nyingine, ni moja, imenakiliwa kwenye mashini zote tatu. Iipate wapi tarehe? Zipo njia kadhaa zinazozunguka mikononi mwa watu wanaotunza kompyuta za maduka na mabilo, na hazilingani hata kidogo. Nitaziweka bega kwa bega, ila niseme mapema kwamba nina upande: kwa karibu kila mashini inayofanya kazi leo, PowerShell, chombo kingine cha amri kilichomo ndani ya Windows, ndiyo ya kutegemea, na `%DATE%` isitumike kamwe kutengeneza jina la faili.

Umbo la jina lenyewe halina mjadala. Mwaka kwanza, mwezi wenye tarakimu mbili, siku yenye tarakimu mbili: `20250304` au `2025-03-04`. Ndivyo kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyosema tangu 1988, na faida yake unaiona papo hapo: mafaili yakipangwa kwa jina, yamejipanga pia kwa wakati. Mkwaju na nukta mbili huwezi kuviweka kwenye jina la faili la Windows hata ukitaka.

%DATE% na kukata herufi

`%DATE%` hutoa tarehe iliyoandikwa ili isomwe na mtu. Windows huchukua umbo fupi la tarehe ambalo mtumiaji amechagua katika mipangilio ya eneo, thamani inayoitwa `sShortDate` ndani ya `HKCU\Control Panel\International` kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), na kuandika kwa kulifuata. Mtumiaji akibadilisha umbo hilo leo, `%DATE%` inabadilika leo.

Skripti nyingi zinazonakiliwa kutoka intaneti hukata herufi kwa kuhesabu nafasi zake. Hivi ndivyo mapishi matatu ya kawaida yanavyofanya kazi kwenye mashini zetu tatu, siku hiyohiyo ya 4 Machi:

| Pishi | Kifaransa | Marekani | Afrika Kusini |
|---|---|---|---|
| `%date:~6,4%%date:~3,2%%date:~0,2%` | 20250304 | /04/ 0Tu | 3/045/20 |
| `%date:~10,4%%date:~4,2%%date:~7,2%` | 3/02 | 20250304 | /0/0 |
| `%date:~-4%%date:~-7,2%%date:~-10,2%` | 20250304 | 20250403 | 3/045/20 |

Matokeo yenye mikwaju ni mabaya, lakini yanapiga kelele. Windows inadhani umetaja folda, haioni folda hiyo, inakataa kuandika. Nakala haipatikani, na mtu anayeangalia diski atagundua.

Tazama sasa pishi la tatu kwenye mashini ya Marekani. Linahesabu kutoka mwisho ili kuliruka jina la siku, na wengi wanalipenda kwa sababu hiyo, wakidhani limeondoa tatizo. Limelificha. `20250403` ni tarehe halali, hakuna kosa litakaloonyeshwa, faili limeandikwa, kila kitu kinaonekana sawa, ila jina linasema 3 Aprili na sisi tuko 4 Machi. Kuanzia tarehe 13 mwezi utakuwa "13" na mtu makini ataona. Kabla ya hapo, siku 11 katika kila mwezi jina linadanganya kimyakimya, yaani siku 132 kwa mwaka. Tena tarehe 3 Aprili ikifika kweli, mashini hiyohiyo itaandika `20250304`. Mama mwenye depo siku moja atakuja kuuliza: "Mwanangu, ile ya tarehe nne mwezi wa tatu iko wapi?" Utamletea faili la Aprili bila kujua, naye atalirudisha juu ya data nzuri. Kati ya makosa yote ninayoyajua kwenye kazi hii, hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu anayeumia ni mtu aliyefanya kila kitu alichoambiwa.

Kuna wanaojibu: basi tuweke mashini zote umbo moja la tarehe, tumalize. Ni wazo zuri kwa watu wanaosoma skrini, lakini halitoshi kwa skripti. Nakala ya jioni kwa kawaida huanzishwa na kile ambacho Windows ya Kifaransa inakiita Planificateur de tâches (kinachoendesha kazi kwa ratiba), na mara nyingi kazi hiyo hupewa akaunti ya SYSTEM, ile ya Windows yenyewe, ili iendelee hata kama hakuna aliyeingia. SYSTEM ina mipangilio yake ya eneo, iliyo chini ya `HKEY_USERS\.DEFAULT`, na chaguo lako wewe halifiki huko lenyewe. Matokeo yake ni kisa ambacho kila fundi hukutana nacho: ukibonyeza skripti mara mbili mchana inafanya vizuri, usiku inaharibu. Kwenye `intl.cpl`, dirisha la mipangilio ya eneo, kichupo cha utawala kina kitufe cha kunakili mipangilio kwenda kwa akaunti za mfumo; ni vizuri kukijua, lakini usijenge skripti juu ya matumaini kwamba kila mtu amekibonyeza.

Jambo dogo la mwisho: mtu akiandika `set DATE=...` popote ndani ya skripti, `%DATE%` haitasogea tena mpaka kigezo hicho kifutwe au dirisha lile lifungwe.

Kuibembeleza Windows iseme mpangilio wake

Kuna familia ya skripti ndefu zinazojaribu kugundua kwanza siku iko wapi na mwezi uko wapi. Moja husoma thamani ya `iDate` kwenye rejista: 0 ni mwezi kwanza, 1 ni siku kwanza, 2 ni mwaka kwanza. Inafanya kazi, lakini bado unapaswa kushughulikia alama ya kutenganisha, ambayo yaweza kuwa mkwaju, kistari au nukta, na lile jina la siku ambalo hutokea mashini moja na kukosekana nyingine. Mistari ishirini kwa jambo la mstari mmoja.

Nyingine huendesha amri ya `date` bila kuijibu, kisha husoma kidokezo chake, pale inapoandika `(mm-dd-yy)`, na kutumia herufi hizo kama majina ya vigezo. Ni ujanja mzuri wa mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya Windows ya Kifaransa. Hapa kwetu kidokezo kinasema `(jj-mm-aa)`. Skripti inatengeneza vigezo `jj` na `aa`, kisha inatafuta `dd` na `yy`, ambavyo havipo. Ukiikuta kwenye mashini ya mteja, iondoe.

Wapo pia wanaobadilisha `sShortDate` kwa `reg add`, wanasoma tarehe, kisha wanairudisha. Sikushauri. Umeme ukikatika katikati, na unajua unakatika, mtumiaji anabaki na umbo lisilo lake kwenye Excel na kwenye programu ya mauzo, naye hajui nani kalibadilisha.

WMIC

WMIC ni amri ya kuiuliza Windows habari za mfumo wake. Kwa miaka mingi hili lilikuwa jibu sahihi:

```
set "W="
for /f "tokens=2 delims==." %%i in ('wmic os get LocalDateTime /value') do set "W=%%i"
set "LEO=%W:~0,8%_%W:~8,6%"
```

WMIC hurudisha kitu kama `LocalDateTime=20250304183015.123000+120`. Umbo hilo halibadiliki: Kifaransa, Kiingereza au Kireno, mtumiaji wa kawaida au SYSTEM. Tarakimu nane za tarehe, sita za saa, sehemu ya sekunde, na mwishoni tofauti, kwa dakika, na UTC, saa ya marejeo ya dunia. Kukata herufi hapa ni halali kabisa, kwa sababu nafasi zake zimewekwa na mfumo, hazitegemei alichochagua mtumiaji.

Kinachoiangusha ni umri. Microsoft ilitangaza kuiachilia mbali kuanzia Windows 10 toleo la 21H1, na kwenye Windows 11 toleo la 24H2 haipo tayari kwa kawaida. Lazima uiongeze kama kipande cha hiari. Skripti iliyofanya kazi tangu enzi za Windows 7 itaambiwa, kwenye kompyuta mpya ya mwaka huu, kwamba amri hiyo haijulikani. Kigezo `W` kitabaki tupu, na hapo `%W:~0,8%` haitoi tupu: ndani ya skripti itaacha mabaki ya maandishi kama `~0,8`, ambayo yataingia kwenye jina la faili. Kwa hiyo anayebaki na WMIC aweke angalau `if not defined W exit /b 1` kabla ya kukata.

Inabaki na mahali pake: mashini za zamani sana, kama zile za Windows XP Professional ambazo bado zinashikilia programu fulani ya kontabilite isiyokubali kuhama. WMIC ilikuja na XP Professional, wakati PowerShell haikuwemo.

PowerShell

```
@echo off
set "LEO="
for /f %%i in ('powershell -NoProfile -Command "[DateTime]::Now.ToString('yyyyMMdd_HHmmss',[Globalization.CultureInfo]::InvariantCulture)"') do set "LEO=%%i"
if not defined LEO (
  echo Tarehe haikupatikana, nakala haikufanyika.
  exit /b 1
)
copy "D:\data\depo.mdb" "E:\nakala\depo_%LEO%.mdb"
```

Tofauti yake na `%DATE%` ni ya msingi. Hapa hukati tarehe iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine. Unaitaja mwenyewe inavyotakiwa kuandikwa. Mipangilio ya eneo haina la kusema. PowerShell imo ndani ya Windows tangu Windows 7 ya 2009, na amri hii inaeleweka hata na toleo la 2.0 lililokuja nayo, kwa hiyo mashini karibu zote utakazozikuta kati ya Kampemba na Katuba zinayo tayari.

Watu wengi huandika kwa ufupi `Get-Date -Format yyyyMMdd`. Kwa tarakimu tupu kwenye mashini ya Kifaransa au Kiingereza, inatosha. Lakini `Get-Date -Format` bado husikiliza utamaduni wa mtumiaji katika mambo mawili. Mkwaju ndani ya umbo ni alama ya kutenganisha ya eneo, hivyo `yyyy/MM/dd` kwenye kompyuta iliyotoka Ujerumani huwa `2025.03.04`. Na kalenda pia hufuatwa: mashini yenye mipangilio ya Thailand itaandika mwaka 2568. `InvariantCulture`, utamaduni usiofuata eneo lolote, inafunga milango yote miwili, na ndiyo maana naiandika kila mara hata pale isipohitajika. Skripti husafiri kuliko aliyeiandika.

Angalia herufi kubwa na ndogo. `MM` ni mwezi, `mm` ni dakika. `HH` ni saa 24, `hh` ni saa 12. Ukichanganya, hakuna kosa litakalotokea, jina litakuwa baya tu.

Malalamiko ninayoyasikia dhidi ya PowerShell ni mawili. La kwanza ni uzito. Ni kweli: kwenye mashini ya zamani yenye diski ya kuzunguka, kuianzisha huchukua muda unaouhisi. Dawa ni kuiita mara moja tu, juu kabisa ya skripti, na kutumia `%LEO%` kuanzia hapo. Usiiweke ndani ya mzunguko unaopitia mafaili mia. La pili ni hofu kwamba imezuiliwa na sera ya utekelezaji. Sera hiyo inahusu mafaili ya `.ps1`, amri iliyopitishwa kwa `-Command` kama hapa haiguswi nayo.

VBScript, lugha nyingine ya skripti ya Windows, kupitia `cscript` nayo ilifanya kazi hii vizuri kwa kutumia `Year`, `Month` na `Day`, lakini Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kuiachilia, na sioni sababu ya kuanza nayo leo.

Saa, na ndugu zetu wa Kinshasa

Anayetumia `%DATE%` kwa kawaida hutumia na `%TIME%`, na hapo matatizo yanaongezeka. Kabla ya saa nne asubuhi, `%TIME%` huanza na nafasi tupu: ` 9:05:12,34`. Kwenye Kifaransa sehemu za sekunde hutenganishwa na mkato, kwenye Kiingereza cha Marekani na nukta. Nafasi ile tupu ikiingia kwenye jina la faili bila alama za kunukuu, `copy` inaona majina mawili. Watu huiziba kwa `%TIME: =0%`, na inasaidia. Kisichozibika ni hiki: `%DATE%` na `%TIME%` husomwa mara mbili tofauti. Skripti inayosoma tarehe sekunde ya mwisho kabla ya usiku wa manane na saa baada yake itaandika siku ya jana na saa ya leo. WMIC na PowerShell hutoa vyote kwa pamoja, kutoka wakati mmoja.

Halafu kuna jambo la nchi yetu. Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa mbili mbele ya UTC. Kinshasa iko saa moja. Ndiyo ile `+120` uliyoiona kwa WMIC. Kinshasa ingekuwa `+060`. Kampuni yenye matawi pande zote mbili, yote yakituma nakala kwenye folda moja, itakuwa na faili la Lubumbashi la saa sita na nusu usiku lenye tarehe ya kesho, wakati la Kinshasa la dakika hiyohiyo lina tarehe ya leo. Mpangilio wa majina hapo haulingani tena na mpangilio wa matukio. Suluhisho kwa PowerShell ni neno moja: badala ya `[DateTime]::Now` andika `[DateTime]::UtcNow`, na uongeze jina la tawi kwenye faili. Kwa depo moja yenye mji mmoja, baki na saa ya hapa, maana watu wanaotafuta faili hufikiri kwa saa ya hapa.

Kufuta za zamani na kuhesabu siku

Diski itajaa, na mtu atataka kufuta nakala zilizopita siku 30. Usianze kutoa siku kwa `set /a`. Skripti ya .bat huona namba inayoanza na sifuri kuwa ya msingi wa nane, na `08` na `09` hazipo katika hesabu hiyo. Skripti inakwama Agosti na Septemba, au tarehe 8 na 9 za kila mwezi, kisha inapona yenyewe, na fundi anayeitwa tarehe 10 haoni kitu. Kama ni lazima, `set /a m=1%mm%-100` huondoa sifuri hiyo. Ila kwa kufuta, amri ya `forfiles`, inayochagua mafaili kwa umri, inatosha:

```
forfiles /p "E:\nakala" /m depo_*.mdb /d -30 /c "cmd /c del @path"
```

Umempa idadi ya siku, si tarehe, kwa hiyo umbo la eneo halihusiki. Ukimpa tarehe kamili, ataitaka katika umbo la mashini. Hapa amri za Windows zenyewe hazikubaliani: `xcopy /d:` hutaka mwezi-siku-mwaka popote pale ulipo, wakati `schtasks /sd` hufuata mipangilio ya eneo. Ukihitaji tarehe ya wiki iliyopita kwa jina la faili, irudie amri ya PowerShell ya juu ukiongeza `.AddDays(-7)` baada ya `Now`.

Nani achukue ipi

Mashini ya Windows 7 kwenda juu, na hasa kundi la mashini zenye asili tofauti kama lile la depo yetu: PowerShell, pamoja na `InvariantCulture`. XP iliyokwama: WMIC, ukijua kwamba siku itakapobadilishwa skripti nayo ibadilishwe. Kuandika mstari kwenye faili la kumbukumbu ambalo litasomwa na binadamu tu: `%DATE% %TIME%` haina ubaya, na ni ya haraka. Ukirithi skripti ya fundi mwingine yenye `%date:~`, usihangaike kurekebisha namba zake. Weka mistari ile ya PowerShell juu na ubadilishe jina la kigezo.

Kabla ya kuondoka kwa mteja, ijaribu kwa akaunti itakayoiendesha. Hakikisha folda ya `C:\jaribio` ipo, kisha weka ndani ya `C:\jaribio\tarehe.bat` mistari ya kupata `LEO`, na mwishoni `>C:\jaribio\tarehe.txt echo %LEO% %DATE%`. Kisha, kwenye cmd iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi:

```
schtasks /create /tn JaribioTarehe /tr C:\jaribio\tarehe.bat /sc daily /st 23:00 /ru SYSTEM
schtasks /run /tn JaribioTarehe
```

Fungua `tarehe.txt`. Upande wa kushoto utaona tarehe uliyoiagiza, upande wa kulia utaona SYSTEM inavyoiandika kwenye mashini hiyo. Ukimaliza, `schtasks /delete /tn JaribioTarehe /f`.